Gitaa la Upande wa Kushoto

Nkatha mwanangu,

Blanketi, sindano na uzi, namba ya yule mama wa kanisa atakayekupokea Kisumu, hayo yote mama yako amekwambia mara tatu, na kesho asubuhi atakwambia tena ukiwa tayari mguu mmoja uko ndani ya gari. Mimi siyagusi. Sasa hivi uko kanisani, vijana wenzako wanakuombea safari njema ya chuo, na mimi nimejifungia chumbani tangu saa nane na daftari lako la zamani la hesabu. Nimechana karatasi nne nikazitupa. Hii ya tano sichani.

Hukuanguka kutoka kwa pikapu. Nilikupiga. Ulikuwa na miaka minne, nikakupiga kofi moja kwa mkono wa kulia, likakuingia kwenye sikio la kushoto, na sikio hilo hadi leo halisikii kitu. Hadithi ya kuanguka niliitunga mimi njiani kwenda hospitali. Wewe ukaikuta imeshakaa nyumbani, ukailea kama yako. Umeisimulia shuleni. Umeisimulia kanisani siku ile vijana walipotoa ushuhuda, ukasema Mungu alikushika shingo isivunjike, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa benchi la tatu. Nilipiga makofi pia.

Sasa unajua. Najua pia kwamba unaweza kupanda gari kesho na usiukanyage tena mlango wangu. Hilo nimelifikiria mpaka kichwa kikauma, na bado naandika. Kama unataka kuacha kusoma hapa, acha. Lakini kuna mengine, na mengine ni mabaya kuliko kofi.

Nianze na Wazee. Unawapenda, na mimi nawapenda, na bila wao hakuna ninachoweza kukueleza kikaeleweka.

Unajua niliendesha pikapu za miraa miaka kumi na mmoja. Hujui ilivyokuwa, kwa sababu kwako nimekuwa nikisimulia vichekesho tu. Mzigo unafungwa Kangeta kwenye majani ya ndizi, mbichi, na kutoka hapo kila dakika inaukausha. Ukichelewa Nairobi, ndege imeenda na mzigo ni takataka. Kwa hivyo huchelewi. Unawasha taa zote mchana kweupe, unabana honi, na atakayebaki barabarani atajua mwenyewe. Nimegonga mbuzi sina hesabu. Nimegonga punda akaruka juu ya boneti, akaanguka nyuma yangu, nami sikukanyaga breki. Niliangalia kioo mara moja tu nikaendelea.

Tulikuwa na mwenzetu, Mwiti, kijana wa Kangeta, mcheshi kuliko sisi sote. Siku moja akaingia chini ya lori kwenye mteremko wa kuelekea Embu. Tulifika pikapu tatu nyuma yake. Paa lilikuwa limeshuka hadi kwenye usukani, na yeye alikuwa ndani, mkono mmoja uko nje, bado unatikisika. Unajua tulifanya nini? Tulihamisha mzigo. Tulikata kamba, tukagawana vibunda vyake kwenye pikapu zetu tatu, na utingo wa mmoja wetu akabaki naye. Hakuna aliyetoa amri. Ndivyo kazi ilivyotufundisha, mzigo kwanza, mtu baadaye. Nilipofika Nairobi nilitafuna, nikacheka na watu, nikapewa mzigo mwingine wa kurudi nao. Sikumlilia Mwiti mpaka mwaka uliofuata, na hata hapo nililia nikiwa nimelewa.

Ndani ya pikapu hizo ndipo nilipokutana na Wazee. Tajiri wangu alinunua pikapu kuukuu kwenye shamba moja upande wa Timau, na redio ikaja na kaseti imekwama ndani, nikaikwamua kwa bisibisi. Karatasi ya jina ilikuwa imefutika kabisa. Kwenye kisanduku cha mbele nikakuta nusu ya picha ya jalada lake, imechanika, wazee wenye nywele nyeupe ndefu wamesimama mbele ya ukuta ulioungua, hakuna anayecheka. Nikawaita Wazee, nikaishia hapo.

Mimi nilikulia na nyimbo za kanisa na zile za kwetu za Kimeru, zenye gitaa jembamba linalokimbiakimbia juu. Hawa walianza kwa teke. Gitaa moja zito, limekwaruzwa, linapiga kitu kile kile mara tatu, halafu ngoma inaingia na kifua chako kinajua kabla ya masikio. Anayeimba sauti yake imeisha, imebaki ngozi na mifupa, lakini anaisukuma hivyo hivyo. Kiingereza chao sikukishika. Nilishika hasira, au nilidhani nimeshika. Nikasema, haya, kumbe kuna watu duniani wanaojisikia ninavyojisikia mimi, na ni wazee wa kizungu, na hakuna mtu anayewafunga jela.

Nyimbo ziko nane na majina niliwapa mwenyewe, unayajua. Teke. Ng'ombe Amekataa. Mama wa Mtu. Upande wa kwanza nilikuwa nauanza Kangeta, unaisha naingia Makutano kwenye malori na vurugu ya pale. Nageuza, naitafuta Nkubu. Nikifika Embu nimegeuza mara nne, nimetafuna nusu kibunda, na ningeweza kuendesha juu ya mtu. Kaseti hiyo sikuisikiliza, mwanangu. Niliitafuna pamoja na miraa. Ilikuwa inanipa ruhusa. Makanga mmoja wa matatu pale Makutano aliwahi kuingiza kichwa dirishani akawacheka Wazee, akasema hizo ni kelele za wagonjwa wa akili. Nilishuka nikamvunja meno mawili kwa spana, nikarudi kwenye usukani, na wimbo ulikuwa haujaisha. Niliisimulia kwa fahari miaka mingi. Mikono yake alikuwa ameiweka mfukoni nilipompiga.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya soko Makutano na mama yako alikuwa amepeleka ndizi. Mimi nilifika nyumbani saa sita mchana, nimetoka safari mbili mfululizo bila kufunga macho, jaba, ile miraa iliyotafunwa, bado shavuni. Kaseti ilikuwa imeanza kuvuta kwa joto, kwa hivyo nikaitoa kwenye redio, nikaiweka kwenye kiti kivulini ipoe, nikaenda nyuma kunawa. Niliporudi ulikuwa umetoa utepe wote. Ulikuwa umeutandaza juu ya ua, umeuzungusha kwenye mparachichi, na uliobaki umejifunga kiunoni. Ulikuwa unacheza. Ulikuwa unaimba Teke, lile gitaa lenyewe, kwa mdomo, na hukukosea hata mahali pamoja. Uliponiona ulicheka kwa furaha.

"Baba, nimewatoa Wazee nje," ukaniambia.

Nimewahi kujiambia kwamba sikumbuki nilivyoinua mkono. Huo ni uongo mwingine. Nakumbuka kila kitu. Nilitembea hatua tano. Nilikuwa na wakati wa kusimama katika kila hatua. Nilitema jaba. Nikarudisha mkono nyuma kabisa, mkono wa mtu anayefunga mizigo ya miraa kwa kamba, na nikakupiga mtoto wa miaka minne kama nilivyompiga yule makanga. Miguu yako iliondoka ardhini. Ulianguka kwenye ngazi za mlango, ukakaa hapo ulipoangukia, mdomo wazi, bila sauti.

Na mimi nikaenda kukusanya utepe.

Hapo ndipo pabaya kuliko kofi, Nkatha. Nilikusanya utepe kwenye ua, taratibu, nisiukate kwenye miiba. Nikautoa kwenye mti. Nikaja nikakufungua ule wa kiunoni, nikiwa nimepiga magoti mbele yako, na nikaona damu nyembamba imetoka sikioni inashuka shingoni kwenye kola ya gauni lako la njano. Niliiona vizuri. Nikatafuta kalamu, nikaiingiza kwenye tundu la kaseti, nikakaa kwenye kiti nikauzungusha utepe ndani, mzunguko mmoja mmoja, karibu saa nzima. Wewe hukulia. Ulikuwa unanitazama nikifanya kazi. Mzigo kwanza.

Utepe ulikuwa umekatika mahali pawili. Kwa hivyo nilikupakia kwenye pikapu, nikakupeleka Mikinduri, na usidhani nilikupeleka hospitali. Nilipeleka kaseti kwa fundi wa redio, na wewe nilikuchukua kwa sababu sikuwa na wa kumwachia.

Fundi ni Kirema. Unamjua kama yule mzee mfupi anayekuletea karanga kila Krismasi na hupendi anavyokukodolea macho. Kirema ni muciaro wetu. Ninyi mliosoma mnaichukulia gichiaro kama michezo ya wazee, lakini mimi nimelelewa ndani yake. Ukoo wetu na ukoo wao walikula kiapo cha undugu zamani sana, na tangu hapo muciaro wako humdanganyi, humwagi damu yake, na akikuomba kitu kwa jina la gichiaro humnyimi, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho. Mtu akivunja hilo, kinachofuata hakimwishii yeye, kinaingia kwa watoto. Siombi uamini. Nakwambia tu kwamba mimi naamini, na nilipoingia kwenye kibanda chake nilikuwa nimesahau kwamba huyo ndiye mtu mmoja Mikinduri nzima ambaye siwezi kumdanganya.

Aliangalia kaseti. Akakuangalia wewe. Akauliza mtoto amefanya nini. Nilifungua mdomo niseme ameanguka, na ulimi ukakataa. Nikamwambia yote, kama ninavyokwambia wewe sasa, hata ile saa nzima ya kalamu.

Kirema aliinuka na nyundo. Sijawahi kuona mtu mfupi akiwa mrefu hivyo. Aliiinua juu ya kichwa changu, machozi yanamtoka, na nilijua kama si gichiaro ningekufa pale kati ya redio mbovu. Damu yangu ilikuwa mwiko kwake. Akaitupa nyundo ukutani, ikatoboa bati. Halafu akaichukua kaseti, akaitumbukiza kwenye jiko la makaa alilokuwa anapashia chuma cha kulehemu.

Ikashika moto mara moja, moshi mweusi, harufu ya plastiki. Nami nikatia mkono ndani ya jiko.

Alama hizi vidoleni mwangu, nilizokwambia ni za maji moto ya rejeta, ni za siku hiyo. Mtoto wangu amesimama mlangoni na damu shingoni, na mimi nimetia mkono kwenye makaa kuokoa kaseti. Kirema alinishika kiwiliwili akanivuta nyuma, na kilichotoka kwenye mkono wangu kilikuwa uji wa plastiki umegandana na ngozi. Nikalia. Nikalia kwa sauti, watu wa maduka ya jirani wakaja kuchungulia. Nilikuwa nawalilia Wazee.

Alingoja ninyamaze. Halafu akaniambia kwa Kimeru, polepole, na maneno hayo nayajua kuliko sala:

"Nakuomba vitu viwili, na naomba kwa gichiaro. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Na siku atakayotoka nyumbani kwako, akienda kuolewa au kazi au masomo, atoke akijua. Umwambie wewe."

Hospitali nilikupeleka. Lakini daktari hakuwa muciaro wangu, kwa hivyo nikamwambia umeanguka kutoka kwa pikapu. Yeye, kwa kuniamini, akatafuta mfupa uliovunjika kichwani, hakuuona, akatupa tarehe ya kurudi ili aliangalie sikio vizuri. Sikukurudisha. Niliogopa macho yake. Sikio lilipoanza kutoa usaha nilinunua dawa ya matone dukani, nikakutia mwenyewe jioni baada ya jioni, na wewe ukaninyamazia ukiwa umeinamisha kichwa kwenye goti langu. Mama yako alikuwa anasema nina upendo. Kwa miezi minne nilikuwa nakutia matone ili nisimwone daktari, na katika miezi hiyo minne sikio likafa.

Usidhani basi niliacha kupiga watu siku hiyo. Wengine husimulia hivyo, kwamba waliona damu ya mtoto wakabadilika. Mimi niliendesha miaka miwili zaidi bila muziki, na nilikuwa mbaya zaidi. Nilipigana Nairobi, nilipigana Embu, nilimpiga ndugu yangu wa tumbo moja kwenye matanga ya baba yetu, kaburi likiwa bado wazi. Wewe sikukugusa tena, wala mama yako, na nilijisifu kwa hilo kama mtu aliyefanya jambo. Hata nilipoacha barabara nikaanza kunyoosha mabodi ya magari pale Makutano, sikuwa nimetulia. Nilikuwa tu nimepata kitu cha kupiga kinachostahili kupigwa.

Nilitulia kwa sababu yako, na wewe hukujua unafanya nini.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nanyoosha mlango wa gari, nikiimba Teke kwa mdomo kama kawaida, na wewe ulikuja na simu ukasema nirudie. Ukarekodi. Kwa siku tatu ukatafuta huko kwenye mitandao, ukauliza watu nisiowajua, hadi ukawapata. Ukaniletea jina lao ambalo hadi leo linanishinda kutamka. Ukaniambia walianza kupiga pamoja miaka arobaini kabla ya albamu hiyo, kwamba walipoirekodi walikuwa na wajukuu, na kwamba wale wawili wa magitaa walikuwa hawajasemezana miaka mingi, kila mmoja na watu wake, ndipo wakaingia tena chumba kimoja. Ukanitia waya za masikioni, zote mbili, ukabonyeza.

Mwanangu, sikuwa nimewahi kuwasikia. Spika za pikapu zilikuwa mbovu, injini inanguruma, honi, jaba. Sasa nimekaa kwenye tairi, sina mahali pa kukimbilia, na nikasikia kwamba yule wa ngoma hapigi sana. Anapiga kwa nguvu, ndiyo, lakini anaacha. Kuna mahali kwenye Ng'ombe Amekataa ambapo mtu yeyote angepiga, mimi ningepiga, mkono unakuja juu, unausikia kabisa ukija, na hapigi. Anakuacha hapo na moyo mdomoni. Nguvu yote ya wimbo iko pale ambapo hakupiga. Miaka yote nilikuwa napita hapo kwa kasi sikupaona. Niliinama nikajifanya natafuta bisibisi.

Na nikasikia magitaa ni mawili. Moja liko sikio la kulia, jingine la kushoto, na yanaongea.

Wewe ulikuwa unasikiliza kila siku ukienda shule, waya moja sikio la kulia, ile nyingine inaning'inia. Siku moja ukaniambia unapenda sana pale katikati ya Mama wa Mtu, ambapo wananyamaza dakika nzima inabaki ngoma peke yake kwa mbali. Ukasema, "Baba, hapo wamenyamaza vizuri sana." Nikakwambia ndiyo.

Hawakunyamaza. Hapo ndipo gitaa la kushoto linapopiga peke yake.

Ningeweza kukwambia siku hiyo. Nilikuona unavyofunga macho ukifika hapo, unasikiliza kitu ambacho mimi ndiye niliyekunyang'anya, na unakisifu. Nikaenda nyuma ya karakana nikapiga kichwa changu kwenye ukuta mpaka damu ikatoka. Hiyo nayo ilikuwa hasara tu, haikukusaidia chochote. Miaka miwili baadaye binamu yako akabadilisha kitu ndani ya simu, sauti zote zikahamia upande mmoja, ukaja mbio karakana ukiwa umekasirika kweli kweli.

"Baba, kumbe palikuwa na mtu," ukasema. "Mbona hukuniambia?"

Nikasema sikujua.

Sasa unawasikia wote, lakini mimi najua unawasikia wamebanwa mahali pamoja, kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Hujawahi kusimama katikati yao. Kwa hivyo wiki hii yote nimekuwa nikiziba sikio langu la kulia nikisikiliza huyu wa kushoto peke yake, ili nikuandikie anasema nini. Sina maneno ya muziki. Nitasema nilivyosikia.

Kwenye Teke, yule wa kulia anakuja amekasirika, anapiga teke mara tatu. Wa kushoto hajibu. Anamwacha. Mara ya nne ndipo anaingia, na haji na teke, anakuja chini zaidi, amechelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa akamaliza kwanza kufunga viatu. Kuanzia hapo wa kulia hapigi tena vilevile. Kwenye Ng'ombe Amekataa wa kulia anavuta kamba na wa kushoto ndiye ng'ombe. Anashika noti moja tu, anakaa nayo, haendi. Wa kulia anapanda, anashuka, anatukana, yeye yuko pale pale, hadi wa kulia anachoka na kuja aliko. Kwenye wimbo wa sita wanagombana wazi, wanaingiliana, na kuna mahali wa kushoto anakosea. Anakosea kabisa, kidole kimeteleza, na hawakulifuta kosa. Wa kulia anacheka. Ukisikiliza sana unasikia mtu mzima anacheka kwa mbali.

Na ile dakika ya Mama wa Mtu. Anapiga polepole. Hana haraka hata kidogo, hajionyeshi. Anapanda ngazi nne, anasimama, anashuka mbili. Anarudia, lakini safari hii anapanda tatu tu, na pale unapongoja ile ya nne, anakaa kimya. Mara ya mwisho anaifikia, na mkono wake unatetemeka juu yake, mkono wa mzee. Nikifika hapo nalia kila mara. Niliwahi kudhani albamu hii ni ya watu wenye hasira. Ni ya watu waliokwisha kuumizana sana, wakawa wanaangalia wasiguse tena pale pabovu.

Hayo ndiyo yote niliyoweza kukurudishia, na ni kidogo.

Jumanne wiki iliyopita uliniletea ile fomu ya afya ya chuo. Kwenye mstari wa sikio ulikuwa umeandika kwa mwandiko wako mzuri kwamba ulianguka kutoka kwa pikapu ukiwa na miaka minne. Chini palikuwa na nafasi ya mzazi kuthibitisha. Nilitia sahihi. Hujamaliza kutoka langoni, Kirema akaingia karakana. Ametoka Mikinduri kwa miguu yake mibovu, akakaa kwenye tairi, akakataa chai. Hakuniuliza habari ya kitu kingine. Aliniuliza tu binti anaondoka siku gani. Nikamwambia. Akaitika kwa kichwa, akainuka akaenda zake.

Lakini sitaki udhani nakuandikia kwa kumwogopa Kirema, au kuogopa kitakachoniingia nikivunja gichiaro. Nilianza kwa kuogopa, ni kweli. Hizo karatasi nne nilizochana ndizo za woga, zimejaa sababu, zimejaa usingizi niliokosa na kazi mbaya na baba yangu aliyenipiga kwa mnyororo wa baiskeli. Hayo yote yalikuwepo. Hakuna hata moja lililoinua mkono. Ni mimi.

Msamaha siuombi kwenye karatasi. Wala sitakwambia uishi vipi huko uendako. Naomba ufute ule mstari wa fomu uandike ukweli, na jina langu uliandike lote. Watu wakikuuliza habari ya sikio, usinifunikie tena. Umenifunikia miaka kumi na tano bila kujua, inatosha.

Limebaki moja. Mama yako hajui. Miaka yote hii anajilaumu kwa kwenda soko siku ile. Nimemsikia akimwambia Mungu hivyo kwa sauti, ndizi ngapi hizo, mtoto wangu nimuache kwa ajili ya ndizi ngapi, na mimi nimelala pembeni yake nikijifanya nakoroma. Nikishaweka kalamu chini naenda kumwambia, kabla hujarudi kutoka kanisani. Barua hii naiacha juu ya sanduku lako. Ukiingia ukute vyombo vimepasuka, usiokote. Ukinikuta nimekaa nje ya lango na uso umevimba, usije kunipangusa na usimgombeze yeye. Nipite tu, uingie ndani ukae naye.

Baba yako